Magi na finjani za Amu: uzoefu wangu, na mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Vyombo ninavyovizungumzia ni vitatu, vyote vimenunuliwa kisiwani Lamu, au Amu kama wenyewe wanavyouita, katika maduka tofauti ya Usita wa Mui, barabara kuu ya mji: magi ya chai yenye maneno ya Kiamu, lahaja ya huko, magi yenye picha ya jahazi na mlango wa kuchonga, na seti ya finjani sita za kahawa. Nimevitumia kila siku, si vya kupanga kabatini.

Magi ya maneno ndiyo bora kuliko vyote. Ni ile ya kawaida ya udongo mweupe, mililita 325, na maandishi yamezunguka kutoka upande mmoja wa mkono hadi wa pili: mato ni macho, kuteka ni kucheka, ndia ni njia, moya ni moja, yeo ni leo, mai ni maji. Aliyeyapanga anaijua lugha. Ameyaweka makundi makundi, ch ya Kiswahili sanifu inapokuwa t, nj inapokuwa nd, na j inapokuwa y au kudondoka kabisa, pamoja na l ya leo inayokuwa y, kiasi kwamba mgeni akimaliza chai yake anaweza kukisia mwenyewe kuwa njaa ni ndaa na jana ni yana. Zawadi ya namna hii inafundisha, na ndiyo maana napendekeza watu waitafute badala ya zile zilizoandikwa "Hakuna Matata", ambazo unazikuta hata Nairobi na hazina lolote la Amu.

Magi ya pili imenisikitisha. Imeandikwa "Njoo, kahawa tungu". Anayesema tungu kwa chungu husema ndoo kwa njoo. Huwezi kuanza sentensi darasani ukaimalizia barazani. Kosa kama hili huingia kwa urahisi, kwa sababu kompyuta hurekebisha maneno ya lahaja bila kuuliza: mai hugeuzwa maji, yeo ikawa leo. Ukikuta "thungu" usidhani ni kosa, wengine huandika hivyo kuonyesha t inayotamkwa ulimi ukigusa meno. Muhimu ni chombo kimoja kifuate maandishi ya aina moja.

Picha yake nayo haikukaguliwa. Jahazi la Amu lina gubeti, ule mti wa mbele kabisa, iliyosimama wima, na pande mbili za omo, yaani sehemu ya mbele, kuna macho ya mbao yaliyochongwa na kupakwa rangi. Lililochorwa hapa limelala mbele kama vyombo vya Uarabuni, na macho hayapo. Mlango una njumu za shaba zilizochongoka, jambo ambalo mtu wa pwani akiliona hufikiria Unguja kwanza. Mlango wa Amu hutambulika kwa nakshi ya fremu na ya mfaa, ule mti wa katikati. Ukitaka kununua kikombe chenye picha ya mtepe, jahazi la kale la pwani hii, angalia tanga: la mtepe ni la mkeka na lina umbo la mraba, wala hutakiwi kuona misumari, maana mbao zilishonwa kwa kamba.

Sasa uchapaji. Magi zote mbili zimechapwa kwa mashine ya joto. Picha huchapwa kinyume kwenye karatasi, karatasi ikafungwa kwenye magi, kisha joto la nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 3 hivi hugeuza wino kuwa mvuke unaoingia katika tabaka jembamba la poliesta lililopakwa juu ya udongo. Joto likipungua rangi hutoka zimepauka. Likizidi, nyeusi huwa ya kahawia na kingo za herufi huvujia. Mkanda wa mashine haubani vizuri karibu na mkono, na hapo ndipo kasoro huanza. Kwenye magi yangu neno "kuteka" limefifia herufi mbili za mwisho kwa sababu liko sentimita moja tu kutoka mkononi. Kwa hiyo zungusha magi, utazame sehemu ile kabla ya kitu kingine chochote.

Baada ya hapo pitisha ukucha ukingoni mwa picha. Ukucha ukikwama kwenye ukingo unaoinuka kama wa plasta ya kidonda, hiyo ni stika. Maji moto yataibandua. Iache.

Finjani zina picha ya kuchomwa. Utando wa rangi hulowekwa, hubandikwa juu ya gilesi, lile tabaka linalong'aa la udongo, kisha kikombe hurudishwa tanurini kwa joto la nyuzi 800 hivi. Hustahimili kusuguliwa kuliko uchapaji wa joto. Zangu zina picha ya siwa, baragumu kubwa la sherehe, ya rangi ya dhahabu, na rangi inafaa, kwani siwa ya Amu ni ya shaba. Ya Pate, kisiwa jirani, ndiyo ya pembe za ndovu. Lakini rangi ya dhahabu yenye madini ikiingia maikrowevu hutoa cheche. Tena picha isifike sentimita 2 za juu, pale midomo inapogusa. Lawama yangu ni unene: finjani hizi ni nzito, hunyonya moto wa kahawa mara inapomiminwa kutoka kwenye dele. Zisuuze kwanza kwa maji moto. Kwa ujazo ziko sawa, kama mililita 70, mikupuo michache ya kahawa ya tangawizi.

Kuosha: sponji laini na sabuni ya maji. Stili waya na majivu hukwaruza lile tabaka la poliesta la magi, na tabaka likiondoka picha huondoka nalo. Madoa ya chai ndani yatolewe kwa soda ya kupikia na kidole.

Safari ya barabara kutoka Mokowe, gati la bara linaloelekea Lamu, hadi Mombasa ina mitikisiko, na kinachovunjika kwanza ni mkono. Jaza kitambaa ndani, zungushia leso mara mbili ukikaza kwenye nafasi kati ya mkono na mwili, na chombo kisigusane na kingine.

Wanaoagiza magi nyingi za harusi au za shule waombe kwanza karatasi ya mfano, sentimita 20 kwa 9, picha ya nukta 300 kwa inchi, na mzee wa Amu aisome kwa sauti. Herufi kubadilishwa kwenye faili ni kazi ya dakika moja. Ikishaingia kwenye poliesta haitoki.