PhotoScan: imetutolea picha za mama kwenye albamu bila kubandua hata moja

Kwa wanaouliza namna ya kuziingiza picha za zamani za wazee kwenye simu, pakueni PhotoScan ya Google. Ni bure, ipo Play Store na App Store tangu 2016, na simu yenye kamera ya kawaida tu inatosha. Sisi tumeitumia likizo ya Juni tulipoenda Tanga kwa mama na watoto, na nimeipenda mno.

Albamu za mama ni zile za kurasa za gundi zenye nailoni juu, nadhani nyumba nyingi wanazo. Picha imeshashikana na karatasi, ukivuta unaweza kubaki na kipande cha uso wa mtu mkononi. Na ukisema upige na simu hivi hivi, nailoni inamemeta, taa ya sebuleni yote imekaa kichwani kwa marehemu baba. Sasa hii unapiga ya kwanza, vinatokea vidoti vinne vyeupe, unasogeza simu taratibu bila kuiinamisha mpaka kiduara kikae juu ya kila kidoti, halafu yenyewe inaziunganisha, inaondoa ule mng'ao, inanyoosha picha na kukata pembeni. Mkono usitetemeke tu. Watoto walijua haraka kuliko mimi nikawaachia simu.

Kuna moja ya mama na mama mkubwa wakiwa wasichana, wamepiga studio Mombasa walipokwenda harusini, wamevaa kanga za sare, nyuma yao pazia limechorwa minazi na jahazi, mama mkubwa kashika redio. Baada ya kuskani ukivuta karibu unaona mpaka hina vidoleni. Mwanangu akauliza, bibi hii redio ilikuwa ya kwenu? Mama akamjibu kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mume wangu, hiyo ya mwenye studio, kila anayeingia anashikishwa." Basi hapo ndio ikafunguka, nani alikuwa bi harusi, nani aliwakatia tiketi ya basi, babu alivyokataa kwanza wasiende mpaka shangazi yake akaingilia kati, mambo ambayo mimi mtu mzima nilikuwa siyajui kabisa na nimekaa na mama miaka yote hiyo!

Ndio maana nasema msichukue albamu mkaenda nazo mjini kuskani wenyewe. Kaeni na mzee. Simu moja inaskani, nyingine iko pembeni inarekodi sauti, maana picha isiyo na jina baada ya miaka kadhaa inakuwa ni ya watu tu. Kuna studio tuliwahi kuipelekea bahasha ya picha watusafishie, zikarudi pungufu na hakuna aliyetujibu ya maana, tangu siku hiyo mama hatoi picha nje ya nyumba na namuelewa.

Picha zilizoshikwa kwenye kona kwa vile vipembe vya karatasi unaweza kuzichomoa, basi geuzeni na nyuma muskani pia. Tumekuta maandishi ya biki, "Kumbukumbu, Pangani 1967", kwa mwandiko wa baba.

Mambo ya kujua kabla. Picha itasoma tarehe uliyoskani, kwa hiyo ingia Google Photos, app ya Google ya kuhifadhi picha, urekebishe mwaka, na hapo hapo kuna sehemu ya maelezo, andika majina mzee akiwa bado anaongea, usiseme utaandika kesho. Nafasi ya bure ni GB 15 tu na unagawana na Gmail yako, ile ya kuweka bila kikomo iliisha Juni 2021. Kwenye grupu la familia tuma kama dokumenti, ukituma kawaida WhatsApp inaibana picha na nywele zote zinakuwa ukungu. Watoto wa mama mkubwa wako Muscat, tuliwatumia ile ya kanga za sare, usiku huo huo zikaanza kuingia voisi, mama anasikiliza anajibu, anasikiliza anajibu, bando langu likaisha na nikaongeza kwa moyo mmoja.

Picha nyeusi na nyeupe zinatoka vizuri sana. Za rangi za miaka ya 70 nyingi zimeshageuka nyekundu na hii haikurudishii rangi yake, hiyo ni kazi nyingine. Na kama unataka kuchapisha kubwa ya ukutani tafuta skana ya mezani uweke 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi, ya simu ni ya kuangalia, kutumiana na kuchapisha saizi ya kawaida.

Naipa nyota nne. Ya tano nitaiongeza siku wakiweka sehemu ya kurekodi sauti ndani ya picha yenyewe, mtoto akiibonyeza amsikie bibi yake anasimulia.