Rauta ya faiba: soma volti kabla hujalipa

Mwezi uliopita nilinunua rauta ndogo, kifaa cha kusambaza Wi-Fi nyumbani, hapa Mwanga, Kigoma, pamoja na kile kibetri wanachokiita UPS ndogo. Saa mbili usiku umeme ukakatika, nikachomeka rauta kwenye betri, na kabla sijarudi kukaa harufu ya plastiki inayoungua ikajaa sebuleni. Nikaigeuza nikamulika kwa simu: volti 9. Tundu la betri lilikuwa linatoa 12. "Dada, pini ni ile ile, we chomeka tu," muuzaji alikuwa ameniambia. Na kweli pini ilikuwa ile ile.

Watu huuliza ina antena ngapi. Mimi sasa nauliza volti, kwa sababu faiba haizimiki umeme wa mtaa ukikatika. Kinachokuja kwako ni mwanga ndani ya uzi wa kioo, na vigawanyio vya mtaani vinavyougawa kwa kila nyumba havitumii umeme. Vinavyozimika ni vyombo vyako viwili, yaani kiboksi cha faiba kinachopokea mwanga huo, na rauta. Vipe betri, na mradi kampuni upande wake ina umeme, intaneti inaendelea huku Mwanga yote iko giza.

Hicho kiboksi usikinunue. Mafundi hukifunga wenyewe kikiwa kimesajiliwa kwenye mtandao wao. Anayekuletea modemu kuukuu ya laini ya simu akisema "hii ni ya faiba" anakula hela yako. Geuza hicho kiboksi usome volti. Mara nyingi ni 12. Basi tafuta rauta ya 12 pia.

Ya kwanza kwangu ni TP-Link Archer C6, na sioni haya kuipendelea. Yangu imeandikwa volti 12, ampea 1, na tundu zake za waya zinapitisha Mbps 1000. Usichanganye na Archer C50: boksi limeandikwa AC1200 vilevile, yaani daraja la kasi ya Wi-Fi, ila tundu zake zinaishia Mbps 100. Ukijumlisha na kiboksi cha ampea 1, betri yako itoe ampea 2 au zaidi kwenye volti 12. Ikitoa pungufu, rauta itakuwa inajizima na kujiwasha usiku kucha.

Ya pili ni MikroTik hAP ac². Hii inakubali kuanzia volti 12 hadi 30, kwa hiyo wenye sola wa Ujiji na Gungu ndiyo ningewapa. Betri ya sola ikichajiwa hupanda kupita volti 14, jambo ambalo C6 haikutengenezewa. Kasoro yake ni kuiwekea mipangilio. Bila fundi utahangaika.

Za bei rahisi za volti 9 au 5 zinatosha chumba kimoja, mradi betri iwe na tundu la volti hiyo hiyo.

Nilirudi dukani. Kwamba rauta iliyoungua haina waranti nilikubali. Nilichokataa ni kuambiwa boksi halifunguliwi mpaka ulipe. Lebo ya volti imebandikwa tumboni mwa rauta, ndani ya boksi hilo hilo! Kila kifaa hapa Kigoma tunakilipia na nauli ya kutoka Kariakoo juu yake, halafu kukigeuza tu tuone tunachonunua tunakatazwa. Duka la pili, karibu na stendi, kijana alifungua mwenyewe, akanisomea lebo, akapima betri kwa mita mbele yangu. C6 yangu nilinunua kwake, elfu kumi zaidi ya kwa yule wa kwanza.