Kazi ya Xabi Alonso pale Leverkusen: klabu ilipata nini?

Oktoba 2022 Bayer Leverkusen walikuwa nafasi ya 17 kati ya timu 18 za Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, wakamkabidhi timu Alonso, kocha ambaye hajawahi kufundisha ligi kuu. Alichokuwa nacho ni Real Sociedad B: aliipandisha daraja la pili la Hispania mwaka 2021, ikashuka 2022. Mechi yake ya kwanza, Schalke wakala nne bila. Msimu wa 2023/24 Leverkusen wakabeba Bundesliga bila kufungwa: ushindi 28, sare 6, pointi 90.

Siri ilikuwa nyuma. Mabeki watatu walikaa mstari mmoja, mbele yao viungo Xhaka na Palacios. Watano hao waligongeana pasi fupi bila haraka mpaka mpinzani avutike kuwafuata. Akitoka tu, mgongoni kwake palibaki uwazi, na kiungo mshambuliaji Wirtz alikuwa keshafika. Frimpong aliganda kwenye chaki ya kulia, Grimaldo wa kushoto aliingia ndani kama kiungo. Wawili hao, walinzi wa pembeni, walifunga mabao 19 ya ligi. Aliyemwona Alonso akicheza Liverpool na Real Madrid aliitambua kazi ya Xhaka mara moja. Ilikuwa ileile yake.

Kinachostahili sifa zaidi ni utulivu. Mei 9, 2024, marudiano ya nusu fainali ya Europa League, Roma wanaongoza 2-0 pale Leverkusen. Vijana hawakuanza kurusha mipira ya kubahatisha. Roma wakajifunga dakika ya 82, na beki Stanišić akasawazisha dakika ya 97.

Kasoro ipo, na Atalanta waliianika kwenye fainali kule Dublin. Walikaba mtu kwa mtu uwanja mzima. Mfumo huu unaishi kwa kumtafuta mchezaji aliye huru. Kila mtu akiwa na wake, pasi fupi zinageuka mtego. Lookman wao akafunga mabao yote matatu, kipigo pekee katika mechi 53 za msimu. Hapo ilihitajika mipira mirefu mapema kumruka mkabaji, nayo haikutosha.

Klabu inayotaka huduma kama hii ianzie sokoni kwenye kiungo, kabla ya mshambuliaji. Leverkusen walimchukua Xhaka kutoka Arsenal kiangazi cha 2023, na Grimaldo akaja bure baada ya mkataba wake Benfica kuisha. Bila watu wa aina hiyo, pasi za nyuma ni zawadi kwa mpinzani.