Muhula wangu Besançon: Kifaransa nilichokipata mezani

Nasoma Kifaransa hapa Dodoma, sasa niko mwaka wa tatu. Mwaka jana, kuanzia Januari hadi mwisho wa Mei, nilikaa Besançon, mashariki mwa Ufaransa upande wa Uswisi. Nilisoma kwenye kituo cha lugha cha chuo kikuu cha pale, wenyewe wanakiita CLA, kilichoanza mwaka 1958. Ufadhili ulilipa ada na tiketi, mengine yalikuwa juu yangu na nyumbani. Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wananiuliza kila wiki kama inafaa kwenda. Inafaa sana, ila kuna namna ya kwenda.

La kwanza, omba kukaa na familia. Mimi sikuomba. Nilimwachia wakala mmoja wa Dar anitafutie chumba, nikamlipa laki nne, na nilipofika usiku na begi langu, baridi inauma mpaka mifupani, mwenye nyumba hakuwa hata na habari zangu. Nilihifadhiwa siku tatu na mwanafunzi Mrundi niliyekutana naye kituo cha tramu, akanisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu. Mungu ambariki. Ofisi ya kituo cha lugha ndiyo iliyonitafutia familia wiki ileile: mama, niliyemwita Madame, na mzee wake, watoto wameshaondoka nyumbani.

Sarufi haikunisumbua. Watu wanalalamika kwamba Kifaransa kina nomino za kiume na za kike, lakini sisi tumekua na ngeli. Kuambiwa kivumishi kifuate nomino si habari mpya kwa mtu anayesema kiti kizuri, mti mzuri. Shida ilikuwa masikio. Darasani tulifundishwa "je ne sais pas", yaani sijui, neno kwa neno. Kule watu wanasema "chais pas", imeisha hiyo. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nadhani ni lugha nyingine.

Halafu kuna ile sauti ya "u". Kiswahili kina u moja, wao wanazo mbili, na maana inabadilika. Siku moja Madame aliniachia ufunguo kwa jirani "au-dessous", yaani chini yetu. Nikasikia "au-dessus", nikapanda juu, nikagonga mlango wa mtu asiyenijua nikimdai ufunguo. Mwalimu wa matamshi alinipa dawa siku iliyofuata: bana midomo kama unatamka "u", kisha tamka "i" humohumo. Nilifanya hivyo mbele ya kioo kila asubuhi mwezi mzima. Anzeni sasa hivi, msisubiri kufika.

Salamu zitawakumbusha nyumbani. Dukani, kwa daktari, hata kwenye basi, unaanza na "bonjour" kabla ya neno lolote, na usipoanza unahudumiwa kwa uso mkavu. Mtu aliyelelewa na bibi wa Kigogo, asiyepita nyumba ya mtu bila "mbukwenyi", hapo hapati tabu. Iliyonishinda ni "tu" ya Kifaransa, yaani "wewe" ya watu waliozoeana. Baada ya mwezi Madame aliniambia niache kumwita "vous", ile "wewe" ya heshima. Ana umri wa mama yangu! Ni kama mtu mzima akuambie uache kumwamkia shikamoo. Nilijaribu, ulimi ukakataa, na mpaka naondoka nilikuwa nachanganya.

Sasa nieleze jioni ambayo kwangu ndiyo ilikuwa muhula wenyewe. Ilikuwa mwezi wa tatu. Mjomba wangu ana shamba la zabibu Hombolo, huku kwetu Dodoma, akanitumia picha, wanavuna, vichala vyeusi vimejaa ndoo. Nikamwonyesha mzee pale mezani. Akavaa miwani, akaiangalia, akasema haiwezekani, zabibu huvunwa Septemba. Jumapili iliyopita walikuwa wamenipeleka Arbois, mji alikokulia Louis Pasteur, nikaona mizabibu yao imekatwa matawi, imebaki vigogo vitupu kwenye baridi. Nikamwambia: kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, sasa hivi na tena mwezi wa nane au wa tisa. Akaweka uma chini.

Nilikuwa sina maneno. Kupogoa sikujua kunaitwaje, wala kichala. Nikawa naonyesha kwa mikono, yeye ananipa neno, "tailler", "grappe", nalirudia, tunaendelea. Nikamweleza jua la Dodoma na kwamba hatuna majira ya baridi ya kuilaza mizabibu, kwa hiyo ukipogoa na kumwagilia inachipua tena. Alibisha, nikabisha. Supu ikapoa. Nilipoangalia saa ilikuwa karibu saa tano usiku, na nilikuwa nimeongea Kifaransa jioni nzima bila kutafsiri kichwani. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Ndiyo maana nawaambia wanaojiandaa: achaneni kidogo na misamiati ya uwanja wa ndege. Jifunzeni kusema kazi ya kwenu. Kama baba yako ni fundi cherehani, jua sindano, uzi na pindo kwa Kifaransa. Hayo ndiyo watu watakuuliza, na hayo ndiyo utakuwa na hamu ya kuyaeleza.

Mengine kwa haraka. Viza ya mwanafunzi walitaka uthibitisho wa yuro 615 kwa mwezi, na ukishafika una miezi mitatu tu ya kuithibitisha mtandaoni; usisahau. Kantini ya wanafunzi sahani ilikuwa yuro 3.30 na unashiba. Sokoni jifunze namba mpaka zikae: tisini na saba kwao ni nne ishirini kumi na saba, na muuzaji hakusubiri uhesabu. Koti zito nunua kulekule.

Mwezi wa tisa nilikwenda Hombolo, nikampiga picha mjomba amebeba ndoo ya mavuno ya pili, nikamtumia mzee. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, dakika nne nzima, na maswali matano kuhusu maji. Nimeshamjibu matatu, mawili bado naulizia kwa mjomba.