Ufungaji wa kamera za ulinzi: huduma ya duka moja la Mwanjelwa

Kamera mbili nilizonunua katika duka moja la Mwanjelwa, jijini Mbeya, ni za kawaida tu. Kilichostahili fedha yangu ni huduma ya kufungiwa nyumbani.

Kabla ya kutoboa ukuta, fundi alipanda ngazi akaishika kamera mkononi, huku mwenzake akisimama getini na simu na kumwelekeza apandishe au ashushe mpaka uso wa anayeingia uonekane badala ya utosi wake. Waliishia kimo cha mita mbili na nusu hivi, ambapo mpita njia haifikii kirahisi na kofia haifichi sura yote. Uani waliweka lenzi ya milimita 2.8 inayoona eneo pana, na getini ya milimita 4, ambayo huona eneo dogo zaidi lakini humvuta mtu karibu. Mafundi wengi hufunga ya 2.8 kila mahali, na mwenye nyumba hubaki na picha ya mtaa mzima isiyo na sura hata moja ya kutambulika.

Walipoteleza ni kwenye jua. Geti langu linatazama mashariki, upande wa Uyole, na kamera ikaelekezwa huko huko, hivyo kila asubuhi isiyo na mawingu mgeni alionekana kama kivuli cheusi. Nilipowaita, waliihamishia kwenye ukuta wa kaskazini, ikalitazama geti kwa ubavu kuelekea kusini. Kwa kuwa Mbeya iko kusini mwa Ikweta, jua la mchana hupita upande wa kaskazini kwa sehemu kubwa ya mwaka, na sasa linabaki mgongoni mwa kamera.

Ya uani nayo ilikuwa imebanwa mno chini ya upenu, na usiku mwanga wake ulikuwa ukigonga bati na kurudi kwenye lenzi, picha yote ikafifia. Kuishusha kidogo kulitosha. Ukungu wa msimu wa mvua ni jambo jingine, kwani nao huurudisha mwanga huo. Taa ya nje iliyo mbali kidogo na kamera husaidia, ingawa si kwa ukungu mzito.

Niliwapa alama nzuri pia kwa kufunika, bila kuombwa, sehemu ya picha iliyoonyesha ua wa jirani. Malipo ya safari ya pili sikuyapenda, kwa sababu mahali jua linapochomoza palijulikana tangu siku ya kwanza.