Chumba cha kupanga Jambiani, miezi 8 ndani: chumba nyota 3, mfereji nyota 5

Kila wiki kuna mdogo wangu wa chuo ananitumia meseji "bro Zanzibar vipi, nije?" na mi nimechoka kuandika jibu moja mara kumi. Zanzibar vipi siwezi kukujibu, kubwa sana hiyo. Nitakujibu chumba vipi, maana kazi utapata, utaacha, utapata nyingine, ila chumba ndo kinaamua kama utakaa au utaonekana Dar na boti ya wiki ijayo. Wenzangu wawili tuliovuka nao walirudi kabla ya Krismasi, na hakuna aliyerudi kwa sababu ya kazi.

Mi natokea Singida, nimesoma Udom, bahari nilikuwa naiona kwenye kalenda. Nikapata kazi ya mapokezi hotelini pwani ya mashariki (jina nabaki nalo), nikavuka mwezi wa 11 na boti ya asubuhi, masaa mawili hivi na nusu ya watu wana vifuko mdomoni. Halafu Mwanakwerekwe, daladala ya Jambiani namba 309, sanduku langu juu ya paa na mikungu ya ndizi na godoro la mtu, Tunguu, Jozani pale wanapopunguza mwendo kima punju wavuke, Paje, unakata kulia, umefika. Mtu akikwambia Jambiani ni mjini anakudanganya, ni kijiji kirefuuu kinachofuata ufukwe, na mchanga wake unaingia kila mahali mpaka kwenye chaja.

Sasa chumba. Nilikipata kwa dalali kupitia WhatsApp. Tangazo lake ninalo mpaka leo: "chumba masta, dakika 2 toka baharini, maji ya kisima ndani, mfereji upo nje, 120 kwa mwezi". Dalali alitaka elfu kumi ya kunionyesha, chumba kimoja hicho hicho ambacho nilishatumiwa picha, halafu kodi ya mwezi mmoja ya kwake na miezi 6 ya mwenye nyumba kwa mkupuo. Nilipolalamika akasema "kaka msimu huu, kuna Mkenya anakitaka". Huyo Mkenya sijamuona mpaka leo. Dalali nampa nyota 1, na hiyo moja ni kwa sababu alinibebea begi.

Chumba chenyewe hakina ubaya. Mita tatu kwa tatu na nusu hivi, sakafu ya saruji nyekundu inayong'aa ukiipiga deki, feni ya juu, choo na bafu humo humo, bati juu na dari ya mbao. Dirisha ni moja na linatazama ukuta wa jirani, yani upepo wote wa kusi unaovuma sasa hivi unapita juu ya paa unaenda zake, we unausikia tu. Na kutu, jamani kutu. Nilikuja na kufuli jipya, mwezi wa pili ikabidi nililainishe kwa mafuta ya kula ndo ufunguo uzunguke. Laptopu tundu moja la USB limeshakufa. Kama una vitu vya umeme unavyovipenda vifunge kwenye mfuko wa nailoni, usisubiri uone.

Hiyo dakika 2 toka baharini ni kweli na si kweli. Asubuhi ya kwanza nikaamka nimejiandaa, taulo begani, saa 4 niko ufukweni. Bahari haipo. Haki ya Mungu haipo, ni mchanga, majani, vijiti vijiti, na wanawake kule mbaliiii wameinama, na nyuma yao kabisa mstari mweupe wa mawimbi yanapiga mwamba. Nikadhani kuna jambo limetokea. Kuna mzee anashona nyavu chini ya mti wa mkungu nikamuuliza shikamoo babu, maji yameenda wapi? Akasema marahaba, yamekwenda kupwa, yarudi. Saa 10 jioni nikarudi, maji yamefika kwenye ngazi za hoteli. Kwa hiyo dakika 2 ndio, kama umeoanisha saa yako na mwezi.

Ila ninachotaka mkisome vizuri ni hapa, kwenye maji.

Bara sisi mfereji ni ule mtaro, maji machafu yanapita, mvua ikinyesha unaziba. Kwa hiyo niliposoma "mfereji upo nje" nikasema sawa, kuna mtaro nje, bora alivyokuwa mkweli, nitanunua neti. Nikafika jioni nimechoka nikafungua bomba la bafuni, maji yanatoka kwa nguvu safi kabisa, nikashukuru Mungu. Nikachemsha chai. Nikaonja. Unaijua ile dawa ya pakiti ya mtoto anayeharisha, ya kuchanganya kwenye lita ya maji? Ndo hiyo, na majani ya chai juu yake. Nikaongeza sukari, ikawa dawa kamili. Nikasema labda sufuria. Nikaenda kuoga, sabuni nasugua haitoi povu, inakuwa kama utelezi wa bamia halafu unaganda kwenye nywele. Siku tatu nimeishi hivyo, maji ya kunywa nanunua chupa dukani, hela inaisha, na kuuliza naona aibu maana nimekuja kama msomi.

Siku ya nne Bi Mkubwa mwenye nyumba ananikuta uani napiga mswaki na maji ya chupa. Akasimama.

"Mwanangu, meno unayakosha na maji ya duka?"

Nikamwambia shikamoo Bi Mkubwa, maji ya ndani yana chumvi kidogo.

"Chumvi si kidogo. Hayo ya kisima, ya kuogea na kufulia. Ya kunywa yapo mferejini."

Nikanyamaza. Nikamuuliza kwa adabu zote, sasa Bi Mkubwa hayo ya mferejini mnayachuja kwanza au mnaweka dawa, maana mbu na uchafu...

"Mbu wafuate nini mferejini?"

Akanishika mkono kabisa, akanipeleka nyuma ya nyumba pembeni ya mti wa mshokishoki, akafungua. Bomba. Bomba kama bomba lolote la Singida. Maji matamu. Alivyoelewa nilichokuwa nadhani alikaa kitako pale pale chini kwa kucheka, na kufika adhuhuri mtaa mzima unajua, mpaka leo kuna watoto wakiniona wanasema "mfereji huyo anapita".

Kwa hiyo nyie wa Bara shikeni hilo: mfereji ni bomba. Ukisikia chumba kina maji ya kisima na mfereji upo, chukua. Ukisikia kisima tu, uliza maji ya kunywa yanatoka wapi, maana ukanda huu wa mashariki chini ni mawe ya matumbawe na bahari iko jirani, visima vingi vinakuja na chumvi. Kwetu mfereji unatoka alfajiri kuanzia saa 11 hivi mpaka kama saa 2, siku nyingine hautoki. Unaamka, unapanga madumu, unasubiri zamu na akina mama na watoto wa skuli, na kwenye ile foleni ndo nilipojua nani ni nani, nani anauza samaki wa leo na nani wa jana, tungule ndo nyanya, mbatata ndo viazi. Wakiongea wenyewe kwa wenyewe Kikae cha huku kusini siambulii kitu, nabaki natabasamu kama mtalii. Nyota 5 zangu zipo pale kwenye foleni, chumbani zipo tatu.

Umeme haujanisumbua sana. Siku ya kwanza nimeenda duka la Mpemba naomba luku, akaniangalia, akasema huku tuna Tukuza. Kitu kile kile, unaingiza namba kwenye mita. Na umeme wenyewe wa Unguja unatoka kwetu, unapita kwenye waya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni unatokea Fumba, nikamwambia Mpemba basi sisi wawili tumevuka, mimi na umeme. Hakucheka. Mita tunachangia wapangaji watatu na hapo pana kelele, kuna mwenzetu ana friji na anadai friji halili umeme usiku.

Bi Mkubwa mwenyewe analima mwani. Jambiani na Paje ndo walianza kulima mwani wa biashara mwaka 1989, yeye anasema alikuwa msichana tu, mama yake alimkataza akaenda hivyo hivyo. Sasa hivi anafuata bamvua, yani zile siku mwezi mpya au mwezi mpevu maji yanapokupwa mbali, saa 3 asubuhi ameshavaa viatu vya plastiki na kanga mbili, kamba begani, anarudi saa 7 na mzigo unaovuja maji kichwani. Anasema zamani walilima na ule mwani mnene wenye bei nzuri, siku hizi bahari ina joto, ukipanda unaoza, umebaki mwembamba wenye bei ya kuchekesha. Na anauanika wapi? Mbele ya mlango wangu. Siku mbili tatu jua kali, harufu yake ni kama soksi zilizopikwa na samaki. Hapo nimekata nusu nyota. Nilimwambia kwa upole, akasema "haya mwanangu nitausogeza", akausogeza hatua mbili.

Masharti yapo na ni bora uyajue kabla hujalipa. Mgeni wa kike halali. Pombe haiingii. Siku ya pili alinipeleka mwenyewe kwa sheha, yani kiongozi wa serikali wa mtaa, kunitambulisha, kitambulisho mkononi, na nashauri ufanye hivyo hata kama mwenye nyumba wako hajali, maana ukija kuhitaji barua yoyote huku inaanzia kwa sheha. Kutembea kifua wazi mtaani ukitoka kuogelea, acha, hiyo ni ya wazungu na wao wenyewe wanasemwa.

Ramadhani ilikuja nikiwa na miezi mitatu. Mi Mkristo, nikajua nitakula kwa kujificha chumbani mwezi mzima, mchana migahawa ya mtaani imefungwa na kula hadharani ni kukosa adabu. Ikawa hivyo mchana. Lakini magharibi ikiingia mlango unagongwa, hodi, mtoto amebeba sinia limefunikwa kawa: muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga, kipande cha mkate wa kumimina, uji wa pilipili manga. Siku ya kwanza nikasema mwambie mama mi sijafunga. Mtoto akaenda, akarudi na sinia lile lile. "Bibi kasema hakukuuliza."

Kuna kitu kimoja cha pesa ambacho hakuna aliyeniambia. Mwezi wa 4 na wa 5 masika inapiga, wageni hawapo, hoteli nyingi zinafunga au zinapunguza watu na unaambiwa nenda likizo, ya bila mshahara. Mkataba wangu ulikuwa na neno "msimu" na nililiruka kama nilivyoruka mfereji. Wiki tano sina kipato, na tipu ndo zilikuwa zinanilisha. Kodi ya kwanza ikaisha mwezi wa 4 hapo hapo katikati. Nikaenda kwa Bi Mkubwa nimejikunja, akasema lipa mwezi mmoja mmoja mpaka wageni warudi. Dalali angekuwa ameshamleta yule Mkenya. Kwa hiyo weka akiba ya miezi miwili kuanzia mshahara wa kwanza, usinunue simu.

Mwezi wa 6 upepo wa kusi ukarudi na wale watu wa kuruka na tiara baharini pale Paje wakarudi nao, kazi ikafunguka, nikalipa kilichobaki mpaka mwezi wa 10. Chumba kwa chumba bado ni nyota 3, giza na kutu na mwani, kuna vizuri zaidi Paje ila bei ni mara mbili na majirani hawajuani.

Chumba cha kando yangu kimekuwa wazi tangu juzi, chenyewe dirisha linatazama njia ila kuna jogoo hana saa. Mwenye kukitaka aje mwenyewe aongee na Bi Mkubwa, asipite kwa dalali, na aje na madumu yake mawili ya lita 20 maana langu moja limeazimwa tangu mfungo na sijui liko nyumba gani.