Vipimo vya dawa kwenye ngumi za kulipwa: maabara nyota 5, kinachofuata nyota 2

Watu wanachambua glovu, wanachambua viatu vya ulingoni, hata mlinda meno unakuta una maoni mia, ila huduma ambayo siku hizi ndiyo inaamua pambano lipigwe au livunjwe hakuna anayeigusa. Nasemea vipimo vya dawa za kuongeza nguvu, hasa hivi vya hiari vya VADA, ile taasisi aliyoianzisha Dkt. Margaret Goodman 2011, daktari ambaye kabla ya hapo alikuwa anakaa pembeni ya ulingo kule Las Vegas. Mimi sio mtu wa maabara jamani, mimi ni mtu wa kona, ndoo na taulo, ila nimeshakaa kambini wapimaji wakaja (taasisi gani na bondia gani tuyaache) kwa hiyo naanza na nilichokiona kwa macho.

Saa kumi na mbili asubuhi mlango unagongwa, hakuna simu, hakuna meseji. Bondia wetu ndo kwanza ametoka chooni. "Kaka nimekojoa sasa hivi, namwambiaje?" Humwambii kitu, unakaa naye. Toka dakika ile yule mpimaji hambanduki, akienda jikoni yupo, akikaa kwenye kochi yupo. Dogo kwa haraka zake akabugia maji kama lita mbili, mkojo ukaja kweli, mpimaji akaupima uzito akasema mwepesi mno, haufai, tusubiri mwingine. Tukakaa karibu saa tatu mazoezi ya asubuhi yakafa. Na usidhani unaingia chooni ukafunga mlango, hapana, shati juu ya kifua, suruali magotini, mtu wa jinsia yako anatazama mkojo unavyotoka mwilini mpaka kwenye kikombe, inatakiwa ifike mililita 90. Mabondia walioambiwa wasimwogope mtu yeyote wanaganda pale kama watoto wa shule.

Hapo ndo nikaanza kuiheshimu hii kazi. Makasha ya chupa yanawekwa kadhaa mezani unachagua mwenyewe, ukiona moja limekaa vibaya unalikataa. Mkojo unamimina kwa mkono wako kwenye chupa mbili za vioo, A na B, vifuniko unabana mwenyewe vikishabana vimetengenezwa visifunguke tena mpaka maabara wavivunje, namba za chupa na za fomu mnazisoma pamoja, halafu unaandika kila kidonge na kila unga uliokunywa siku za karibuni. Mtu akija kuniambia "walimwekea dawa kwenye chupa" huwa namuuliza tu kama amewahi kuiona hiyo chupa.

Maabara nako wametulia. Mfano ninaoupenda ni bondia Lamont Peterson 2012. Kipimo cha kawaida cha testosteroni, homoni ya kiume, kinaangalia uwiano wake na homoni nyingine inaitwa epitestosteroni, ukizidi 4 kwa 1 ndo unashtukiwa, na Peterson alikuwa chini ya hapo, yaani kwa njia ya zamani alikuwa anapita huku anapiga mluzi. VADA wakaenda mbele, wakapima kaboni iliyomo ndani ya testosteroni yenyewe, maana ya kutengenezwa kiwandani inatokana na mimea na kaboni yake haifanani na inayotengenezwa na mwili wako. Ikaonekana ya nje. Jamaa akakubali kwamba aliwekewa vidonge chini ya ngozi, akasema ni tiba ya daktari, na marudiano yake na Amir Khan yakafa. Kwa hili nyota 5 bila kubishana, ingawa hakuna kipimo kinachokamata kila kitu, homoni ya ukuaji kwa mfano inapotea kwenye damu haraka sana, ukichelewa siku mbili umeikosa.

Sasa tuje kwenye kinachonikera.

VADA haifungii mtu. Inapima, inatuma majibu kwa mabondia wote wawili, mapromota na kamisheni (ile mamlaka inayosimamia ngumi mahali pambano linapopigwa), kazi yake imeisha. Kinachofuata kinategemea pambano linapigwa wapi, chini ya kamisheni gani, mkanda wa nani uko mezani na tiketi zimeuzwa kiasi gani, na hapo ndo huduma nzima inageuka bahati nasibu.

Angalia. Canelo Alvarez Februari 2018 klenbuteroli, dawa ya kujenga misuli na kuchoma mafuta, ikaonekana, akasema ni nyama ya Mexico (na kweli kule ng'ombe wanalishwa hiyo dawa, sio hadithi), kamisheni ya Nevada wakamfungia miezi 6 kuanzia siku ya sampuli, Septemba akapigana na Golovkin kama kawaida. Erik Morales 2012, dawa ileile, chini ya USADA, wakala wa Marekani wa kupambana na dawa michezoni, akaachwa akapanda ulingoni kupigana na Danny Garcia. Halafu Jarrell Miller 2019, huyu sijui alikuwa anafikiria nini, zikakutwa aina tatu mfululizo ikiwemo EPO (ya kuongeza chembe nyekundu za damu) na homoni ya ukuaji, akakosa pambano na Anthony Joshua pale Madison Square Garden, nafasi ikaenda kwa Andy Ruiz Jr, kibonge mmoja ambaye hakuna aliyekuwa anamhesabia, akamsimamisha Joshua raundi ya 7 akaondoka na mikanda yote ya Joshua. Mimi huwa nasema lile ndo pambano bora kuwahi kuletwa na chupa ya mkojo.

Na sakata la Conor Benn ndo limenimaliza kabisa. Oktoba 2022 siku tatu kabla ya kupigana na Chris Eubank Jr habari ikatoka kwamba VADA wamekuta klomifeni, dawa ya uzazi ambayo kwa mwanaume inasukuma mwili utengeneze testosteroni. Mapromota mwanzoni wanataka pambano liendelee, bodi ya ngumi ya Uingereza inakataa. Benn anasema hajawahi kutumia kwa kujua. WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, wakaja na maelezo kwamba inawezekana ni mayai, kala mayai mengi. Mayai! Kesi ikapanda ikashuka, akafunguliwa 2023, UKAD (wakala wa Uingereza wa kupambana na dawa michezoni) na bodi wakakata rufaa, akafungiwa tena, Novemba 2024 jopo likasema halijaridhika kwamba UKAD wamethibitisha kosa. Zaidi ya miaka miwili, na Aprili 2025 walewale wawili wakapigana uwanja ukajaa. Sisemi ana hatia, jopo limeamua, ila mimi kama mteja niliyeshuhudia pambano likifutwa halafu likauzwa tena kwa mvuto wa skendo ileile, nimeambiwa nini hasa?

Upande wa pili kuna Dillian Whyte. 2019 jibu la UKAD kwamba amekutwa na dawa lilikuwepo kabla ya pambano na Oscar Rivas, kamati ikakaa siku ileile ikamruhusu, Rivas akapanda ulingoni hajui chochote, na baadaye mashtaka yakaondolewa kabisa. Unaona ugumu ulipo. Ukitangaza mapema unaweza kumchafua mtu asiye na kosa, ukinyamaza unampandisha mpinzani wake bila taarifa, na huu sio mchezo wa kukimbizana, hapa mtu anapigwa kichwani. Mimi nipo upande wa Rivas, aambiwe, aamue mwenyewe.

Kuna na suala la orodha ya dawa zilizokatazwa. Oscar Valdez 2021 alikutwa na fentamini, dawa ya kupunguza mwili. VADA wanaikataza mwaka mzima, WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, wanaikataza siku za mashindano tu, kwa hiyo chupa ni ileile lakini kosa lipo au halipo kutegemea unasoma karatasi ya nani. Akapigana, akashinda, akabaki na mkanda. Kwa upande mwingine Ryan Garcia alimwangusha Devin Haney mara tatu Aprili 2024, majibu ya ostarini, dawa ya kujenga misuli, yakatoka ushindi umeshashangiliwa, akasema virutubisho vyake vilichafuliwa, New York wakamfungia mwaka, matokeo yakafutwa na akarudisha kama dola milioni 1.1. Hapo angalau kamisheni ilikuwa na meno, ila Haney zile ngumi hakuna wa kuzifuta.

Wanaosema vipimo hivi ni fitina za kukwepana huwa wanakumbushia Mayweather na Pacquiao, mazungumzo yaliyovunjika mwanzoni mwa 2010 kwa sababu ya damu, Mayweather anataka ichukuliwe muda wowote, Pacquiao hataki ichukuliwe karibu na pambano. Wakaja kupigana 2015, na yule aliyekuwa anadai vipimo vikali ndo akatundikiwa dripu ya mililita 750 siku ya kupima uzito wakati kikomo kilikuwa 50 kwa saa sita, kibali cha USADA kikatoka pambano limeshapita. USADA wakasema hakuna kanuni iliyovunjwa. Sawa. Ila pale wanaolipia vipimo ni walewale wanaopimwa na mapromota wao, na hili ndo linalonifanya nisitoe nyota ya tatu. Programu ya WBC ya tangu 2016 imesaidia kidogo, ukiwa kwenye 15 bora unaandikishwa hata kama huna pambano, na nje ya kambi ndo wajanja wanapofanyia mambo yao.

Ningekuwa bondia ningejiunga? Ningejiunga, tena wiki ya kwanza ya kambi, na kila kopo la virutubisho ningebakisha moja halijafunguliwa lenye namba ya toleo ileile, maana bila hilo huna cha kupeleka maabara siku ukisema limechafuliwa. Na alfajiri ukisikia mtu anagonga, kabla hujakimbilia chooni nenda kafungue mlango kwanza.